Chupa za Priscah

Mwanakuu binti Sheikhan alikuwa amebakisha mwezi mmoja aolewe pale jina la Priscah lilipoanza kumkera.

Mwanzoni lilikuwa jina tu, kama majina mengine ya watu wa kazini. Taib, mchumba wake, alilitaja alasiri moja alipokuja kuwaamkia nyumbani kwao Kibokoni. Alikuwa amekaa ukumbini, kikombe cha kahawa mkononi, na Bi Mwanaesha, mamake Mwanakuu, amekaa baina yao kama ilivyo ada. Juma lililofuata akalitaja tena. Kisha ikawa kila akija, kahawa haijapoa, Priscah keshaingia ukumbini.

"Priscah ana mkono mwepesi mno," Taib alisema siku moja. "Mimi nikimpasua nondo, yule kipepeo wa usiku azaaye viwavi, mayai hutoka vipande vipande. Yeye humfungua taratibu, akakitoa kifuko cha mayai kizima, hakina hata mkwaruzo."

Mwanakuu alikuwa akidarizi foronya ya harusi. Sindano ikamchoma kidole. Alikinyonya kimyakimya, macho hakuyainua.

Taib hakuona. Alikuwa kijana mwembamba wa mtaa wa Kuze, na akizungumzia kazi yake huwa kama mtu aliyeota ndoto njema akatamani wenziwe nao waione. Mwanakuu alimpendea hilo. Alimwona mara ya kwanza kutoka dirisha la juu, akimtengenezea jirani redio barazani, amejiinamia, amesahau kuwa duniani mna watu. Hapo ndipo Mwanakuu alipotamani yeye atazamwe hivyo. Alipoletewa posa ya binamu yake mwenye duka la vitambaa, alikataa katakata. Akasema ni Taib au azeekee dirishani.

Bi Mwanaesha alikubali kwa shingo upande. Hakuwa na neno na ukoo wa Taib. Neno lake lilikuwa juu ya kazi ya kijana.

"Hebu nieleze tena, mwanangu," alimwambia Taib, kwa sauti ya upole iliyofunika mengi. "Huko Kizingo mwafuga nini?"

"Seli, mama. Mwili wa kila kilicho hai umejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Twavitoa ndani ya nondo, tukavitia chupani na chakula chake, vikaishi na kuzaana."

"Na yale maradhi uliyotaja je?"

"Yaja baadaye. Viwavijeshi wana ugonjwa wao. Ukiwapata hulegea, wakaning'inia kichwa chini, wakapasuka. Mtu haumdhuru, ng'ombe haumdhuru. Tukiupata kwa wingi tutaunyunyizia mahindi, wale viwavi waule, wafe. Lakini virusi vya ugonjwa ule havizaani pekee. Lazima viingie ndani ya seli iliyo hai. Ndiyo maana twazilea."

"Mwazilea mzitie maradhi zife."

"Ndiyo, mama."

"Kisha ukitoka huko waja kukaa kwenye mkeka wangu."

Taib alicheka, lakini Bi Mwanaesha hakucheka. Mwanakuu aliuliza bila kuinua kichwa, kama mtu anayeuliza bei ya uzi.

"Huyo Priscah ni mtu wa wapi?"

"Mgiriama wa Kaloleni. Amepanga chumba Majengo. Alisoma misheni, hodari kupita kiasi. Chai hanywi na sukari, asema sukari yote ni ya seli."

"Ameolewa?"

Taib alipuliza kahawa yake. "Sijamwuliza."

Jibu hilo lilimkaa Mwanakuu kifuani kama mwiba wa samaki. Mwanamume ajuaye chai ya mwanamke ina sukari au haina, asijue kama ana mume, ama hajali, ama aogopa kuuliza. Na hakuwa na wa kumwambia. Angemwambia nani? Mamake angemjibu, "Si wewe uliyemtaka?"

*

Siku ya Alhamisi Bi Mwanaesha alikwenda kwenye khitma Mkanyageni, akamwachia bintiye unga wa mahamri aukande. Mwanakuu aliukanda na tui na iliki, akautia hamira, akaufunika, akaungoja umuke. Mikono ilikanda, moyo uko Kizingo. Alipomaliza kukaanga hamri la mwisho alikuwa amekwisha kata shauri. Aliosha mikono haraka haraka, akafunga mahamri machache kwenye kitambaa, akatia buibui, akajifunika uso na kutoka. Mwari wa harusi hatoki. Alilijua hilo, na kila mlango aliopita aliuona una macho.

Kituo cha utafiti alikofanya kazi Taib kilikuwa nyumba ya zamani yenye bustani, karibu na bahari. Mlinzi alikuwa amekwenda kuteka maji, lango li wazi. Mwanakuu alizunguka upande wa nyuma mpaka akaufikia mlango wenye kioo, akachungulia.

Alikuwa amejitayarisha kuonana na mrembo. Priscah hakuwa mrembo. Alikuwa mwanamke wa kawaida, mfupi, mabega mapana, nywele kazifunga kwa kitambaa cheupe. Jambo hilo lilimuumiza Mwanakuu zaidi. Uzuri angeweza kushindana nao, kwa kuwa yeye alikuwa nao. Lakini hiki kilichomkalisha Taib hapo hakukijua ni nini, wala angekipata wapi.

Wawili wale walikuwa wameketi bega kwa bega mbele ya sanduku la kioo, mikono yao minne imeingia ndani. Priscah alimshika Taib kifundo cha mkono akakielekeza, taratibu, mpaka tone likaanguka ndani ya chupa. Akasema kitu. Taib akatabasamu, wala hakuondoa macho kwenye ile chupa. Na uso wake ulikuwa uleule wa barazani, uso wa mtu aliyesahau kuwa duniani mna watu. Ila safari hii mtu mmoja hakumsahau. Alikuwa naye humo humo ndani.

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Taib alinyanyuka, akavua koti jeupe, akatokea mlango wa mbele kwenda msikitini. Priscah alichukua karai la vyombo akaenda nalo chumba cha pili, akaanza kuosha huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Mwanakuu angerudi. Mara ngapi baadaye alijiambia hivyo. Badala yake alisukuma mlango akaingia.

Chumba kilinukia spiriti. Mezani palikuwa na chupa bapa zimelazwa safu, na moja kubwa imewekwa peke yake, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: *Mama*. Aliijua. Taib alikwisha wasimulia. Ndiyo chupa iliyochukua mwaka mzima mpaka seli zake zikakubali kuishi, ile ambayo chupa nyingine zote zingezaliwa kwayo. Priscah alikuwa akija kuitazama hata Jumapili, kabla ya kanisa.

Aliiinua kwenye mwanga. Hakuona kitu ila maji ya manjano. Aling'oa kizibo akakishika vidoleni, akanusa. Palikuwa na harufu ya sukari na supu iliyopoa. Akainama zaidi, kama kwamba siri ya mwanamke yule imezama chini ya chupa.

Wimbo ulikatika chumba cha pili. Mwanakuu alikirudisha kizibo, akailaza chupa pale pale, akatoka. Mahamri alirudi nayo nyumbani, yamepoa ndani ya kitambaa, na mamake aliporejea aliyakuta kwenye sinia pamoja na mengine.

*

Jumapili alasiri Taib alikuja ndevu hazikunyolewa. Kahawa aliipokea akaiweka chini.

"Kuna msiba?" Bi Mwanaesha alimwuliza.

"Chupa zimekufa, mama. Zote."

Mwanakuu aliacha kushona.

Taib aliwaeleza. Alhamisi ile baada ya chakula, Priscah aliifungua chupa mama, akazigawa seli zake katika chupa nyingine zote, kama walivyopanga. Ilikuwa waziache zikae, kisha juma hili wazitie virusi kwa mara ya kwanza. Jumamosi asubuhi walikuta maji yamefanya ukungu kama maji ya mchele, na ukifungua, harufu ni ya uchachu.

"Tukatazama kwa hadubini. Hamira, mama. Hamira imejaa, seli zimesinyaa katikati yake. Penisilini tulitia, lakini penisilini haina kazi kwa hamira."

Mwanakuu alitazama vidole vyake. Kwenye kona ya ukucha wa gumba, tangu asubuhi, palikuwa na unga uliokauka. Wala haukuwa wa Alhamisi, ulikuwa wa mahamri ya siku hiyo. Lakini ya Alhamisi alikuwa ameyakanda vivyo hivyo.

"Hamira imetoka wapi?" alisikia sauti yake ikiuliza.

"Bwana Chirau, mkubwa wetu, asema imetoka kwa Priscah." Taib alijipangusa uso. "Mwenye nyumba anakopanga huuza mnazi. Mnazi hujaa hamira. Basi amesema Priscah amekuja nayo nguoni, au pengine na yeye hunywa. Amemwita mlevi mbele ya watu wote. Kesho jioni ataondoka."

"Na wewe wasemaje?"

"Nimesema si yeye. Yule huosha mikono mpaka kwenye viwiko, hupanguza na spiriti hata miguu ya kiti. Nimemwambia Bwana Chirau, akiondoka Priscah, na mimi naondoka."

Bi Mwanaesha aligonga kikombe chake chini. "Harusi ni mwezi ujao, nawe waacha kazi kwa ajili ya mwanamke wa watu?"

"Kwa ajili ya haki, mama."

Haki. Mwanakuu alilisikia neno hilo likimchoma kuliko jina lolote. Moto ulimpanda mpaka masikioni. Kumbe Taib alikuwa na ushujaa wa namna hii, na aliyeuona wa kwanza ni mwanamke wa Majengo. Akafunga mdomo. Hakuwa na haja ya kufanya lolote. Anyamaze tu, na kesho jioni Priscah atapanda basi la Kaloleni, wala jina lake halitaingia tena ukumbini.

"Mvua za masika zimeshika," Taib alisema akiinuka. "Viwavi wakitoka mwaka huu, watu wa bara watakula nini? Na sisi hatuna hata chupa moja."

Alipokwisha toka, Bi Mwanaesha alimgeukia bintiye.

"Umebadilika rangi."

"Ni joto, mama."

Siku iliyofuata Mwanakuu aliamka akajilazimisha kufurahi. Alitandika, akafagia, akatunga shada. Kila alichoshika kilimwuliza swali moja. Mlevi. Neno hilo alilijua lilivyo likimshika mwanamke. Huenda naye mpaka kijijini, likatangulia kufika, likamngoja mlangoni. Na yeye angelala kando ya Taib miaka nenda miaka rudi, kila akimwona amekaa kimya angejua anamfikiria nani, na asingeweza kumwuliza. Kumfukuza Priscah kwa njia ile ilikuwa kumwingiza ndani ya ndoa yake akae milele.

Baada ya sala ya adhuhuri alitia buibui.

*

Chumba cha Priscah kilikuwa nyuma ya nyumba ya udongo, mbele yake wanaume wawili wamekaa na vibuyu vyao. Mwanakuu alipita kwa haraka, akabisha.

"Hodi."

"Karibu, mlango u wazi."

Priscah alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la bati, akikunja nguo. Alimtazama mgeni aliyejifunika mpaka Mwanakuu alipofunua uso.

"Mimi ni Mwanakuu. Mchumba wa Taib."

"Nilidhani." Priscah alimsogezea kiti pekee kilichokuwamo, yeye akakaa kitandani. "Kama umekuja kuniomba nimkataze asiache kazi, nimekwisha mkataza. Hasikii."

"Sikuja kwa hilo."

"Basi kwa lipi, dada?"

Mwanakuu alikuwa ameyapanga maneno njiani, lakini mdomo ulitoa mengine. "Wampenda?"

Nje mmoja wa wale wanaume alikohoa. Priscah aliikunja blauzi aliyoshika, akaikunjua, akaikunja tena.

"Umetembea kutoka Mji wa Kale kuja kuniuliza hilo."

"Nataka kujua."

"Ndiyo," Priscah alisema. "Nampenda. Ulitaka kujua, sasa wajua. Nilimpenda kabla sijasikia jina lako. Naye hajui, wala sitamwambia. Yeye ni Mwislamu, mimi ni wa kanisa, mama yangu angelia mpaka macho yatoke. Mkono wake sikuushika ila kuuelekeza penye chupa. Nikifika nyumbani huosha ule mkono wangu kwa shida."

Mwanakuu alishika ukingo wa kiti. Kumbe hakuwa mwendawazimu. Kila alichokihisi akidarizi ile foronya kilikuwa kweli. Ghadhabu ilimjaa, na pamoja nayo kitu kama furaha: amekwisha kuungama, mwache aende zake. Angeweza kusema "Safari njema" na kutoka, na hapana mtu duniani angemlaumu.

Lakini Priscah alikuwa akiendelea kusema, kwa sauti ya kuchoka.

"Mama yangu ana shamba la mahindi pale Kaloleni. Mwaka juzi viwavi walilimaliza kwa siku mbili, ukawasikia wakitafuna kama mvua. Ndiyo sababu nikaja kuomba kazi hii. Kesho nitamwambia nini? Kwamba nimefukuzwa kwa ulevi, mimi ambaye sijapata kuonja. Na tangu juzi najiuliza nilikosea wapi. Nimehesabu kila nilichoshika. Sioni."

"Hukukosea popote," Mwanakuu alisema.

"Wajuaje?"

"Kwa sababu ni mimi."

Alimwambia yote, mahamri, mlango wa kioo, kifundo cha mkono, chupa iliyoandikwa kwa nyekundu. Alieleza akiwa amekaza macho kwenye sanduku la bati, na alipomaliza alingoja kutukanwa.

Priscah aliuliza jambo ambalo Mwanakuu hakulitazamia. "Kizibo ulikishika wapi? Juu au chini?"

"Chini. Pale panapoingia."

"Pale panapoingia." Priscah alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetolewa mzigo kichwani. Halafu uso wake ukabadilika. "Mwaka mzima, dada. Nilizilisha seli zile kama watoto. Ungenipiga kofi. Ungekuja hapa ukanitukana mlangoni, watu wakajaa. Ningekusamehe mapema zaidi."

"Sikujua kama vidole vyangu vitaua."

"Hukujua. Lakini hukuingia mle kwa wema."

"La. Sikuingia kwa wema."

Priscah alifunga sanduku lake, akaliacha pale pale, akasimama. "Usiniambie mimi tu. Twende ukamwambie aliyeniita mlevi."

*

Walikwenda pamoja, mmoja mbele mmoja nyuma, hawakusemezana mpaka Kizingo. Bwana Chirau alikuwa mtu mzima wa Kidigo, mpole wa kawaida, mkali wa ghafla. Taib alikuwamo ofisini mwake, amesimama. Mwanakuu alifunua uso mbele ya wote wawili, akasema kwa maneno machache, bila kujitetea.

Bwana Chirau alimsikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akamgeukia Priscah.

"Binti yangu, nilikutamkia neno baya mbele ya watu. Kesho asubuhi nitawaita watu walewale, nilifute mbele yao. Kazi yako iko." Kisha akamtazama Mwanakuu. "Na wewe umetutia hasara kubwa. Lakini ungeweza kukaa kwenu ukala mahamri yako. Nenda nyumbani."

Taib alimfuata mpaka ukumbi wa nje. Alikuwa mweupe midomoni.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Wivu."

"Wa nini? Mimi nilikufanyia nini, Mwanakuu? Nimekuja kwenu kila juma, nimekaa na mamako, nimeficha nini?"

"Hukuficha. Ulikuwa waja kunieleza habari za mwanamke mwingine, kila juma, usoni pangu, na hukujiona. Naomba radhi kwa chupa, Taib. Nitaomba radhi maisha yangu yote. Lakini na mimi nina swali, nawe hujaulizwa na mtu."

"Uliza."

"Wampenda?"

Alifungua mdomo ajibu upesi, kama ajibuvyo mtu asiye na hatia. Mwanakuu alimwona akitazama upande wa chumba cha chupa, kisha chini, kisha akamtazama yeye, na machoni mwake mlikuwa na hofu ya mtu aliyekuta nyumbani kwake chumba asichokijua.

"Sijui," alisema hatimaye. "Sijapata kujiuliza."

Mwanakuu alirudi hatua moja. "Basi kajiulize. Ukishajua, njoo uniambie, jibu lolote liwalo. Bila jibu usije."

Akajifunika uso, akaondoka.

*

Bi Mwanaesha aliambiwa yote jioni ile. Mwanakuu alidhani mamake atafurahi, kwa kuwa sasa sababu ya kuivunja posa imepatikana. Bi Mwanaesha alikaa kitako akamfungulia nywele bintiye, akaanza kumsuka, jambo ambalo hakulifanya tangu utoto wake.

"Babako alikuwa na mke mwingine Lamu," alisema. "Miaka minane nikimfikiria mwanamke yule kila nikitia chumvi chakulani. Sikumwuliza babako hata siku moja kama ampenda. Nilikuwa naogopa. Wewe umeuliza."

"Na akija kusema ndiyo?"

"Tutalia. Kisha tutapika."

Siku zile zilikuwa ndefu. Kila saa ya asubuhi Mwanakuu alijua Taib yuko wapi na ameketi na nani, na kila alipofumba macho aliiona ile mikono minne. Mara mbili alitia buibui, mara mbili akalivua.

Ijumaa baada ya sala, alisikia hodi. Taib aliingia amevaa kanzu, amenyoa. Hakuketi.

"Mama, naomba niseme naye ukisikia."

"Sema."

Taib alimkabili Mwanakuu. "Nimejiuliza. Sikupenda nilichokiona, lakini sitakificha. Nilikuwa nikiamka nina hamu ya kwenda kazini, na hamu ile nusu yake ilikuwa yeye. Napenda anavyofikiri. Kama usingeniuliza, pengine siku moja ningeamka nimekwisha potea, na bado naapa sina kosa." Alimgeukia Bi Mwanaesha, kisha akamrudia Mwanakuu. "Lakini nilipomfikiria ameondoka, niliona huzuni. Nilipokufikiria wewe umeniambia nisije, sikuweza kula. Nimetaka nikwambie vyote viwili. Nakupenda wewe, Mwanakuu. Na nimemwomba Bwana Chirau anitoe chumba kile. Ataniweka kwenye banda la kufugia viwavi."

Bi Mwanaesha aliitikia kwa kichwa. Lilikuwa jibu ambalo mama yeyote angelipokea kwa mikono miwili. Mwanakuu naye alilipokea, na kwa muda alilishika moyoni kama kitu cha moto na kitamu. Mchumba wake amejiondoa mwenyewe. Hapatakuwa na bega kwa bega.

"Chupa mmeanza upya?" aliuliza.

"Priscah ameanza. Peke yake. Nondo ni mamia, na kila mmoja apasuliwe siku ileile."

"Mtu mmoja aweza?"

Taib alitikisa kichwa. "Haiwezekani. Itachukua miaka."

Mwanakuu aliikunja foronya iliyokuwa mapajani. Alimfikiria mama wa Kaloleni asiyemjua, amesimama katikati ya shamba akisikiliza mahindi yakitafunwa. Kisha alimfikiria Priscah akiosha mkono wake kwa shida. Wivu ulimbana palepale, mpya, mkali, kama haukuwahi kusemwa.

"Rudi chumbani," alisema.

"Mwanakuu."

"Rudi ukae pale ulipokuwa umekaa. Chupa zile niliziua mimi, siwezi kuzinyima mikono na hizi mpya. Na ukinioa kwa sababu umefungiwa bandani, nitajuaje kama ungerudi kwangu mlango ukiwa wazi? Ila hapa ukija, usininyime habari zake. Niambie. Nikinuna, niache ninune."

"Wanipa jambo gumu."

"Hata mimi najipa."

Bi Mwanaesha, aliyekuwa hajapata kuwaacha peke yao hata dakika moja, aliinuka akasema anakwenda kutazama maji ya kahawa.

"Harusi iko pale pale?" Taib aliuliza kwa sauti ya chini.

"Iko pale pale. Na Priscah aalikwe. Mwambie nimesema mimi."

Aliondoka kabla ya alasiri. Mwanakuu alipanda juu dirishani akamtazama akiishuka njia nyembamba, kanzu yake ikigusa kuta zote mbili, mpaka akapotea upande wa Kizingo. Mamake alimfuata na kikombe.

"Umelia?"

"Kidogo."

"Wamwamini?"

"Namwamini, mama." Alipokea kahawa. "Lakini leo amevaa kanzu mpya, na sasa hivi anakwenda kazini."